Mkia wa Kipande cha Saba

3 Machi

Mwanangu,

Gazeti la Jumamosi limenifikia. Jirani yangu muuza dawa kanipandishia mpaka mlangoni, ukurasa wako kaukunja kwa nje, maana mtaa mzima unajua mtoto wa kaka yangu anaandika. Nikavaa miwani, nikatengeneza chai, nikakaa dirishani kusoma. Chai ilipoa.

Umeandika kwamba "Suti ya Mgeni" ni filamu inayoheshimiwa kwa mazoea. Umesema wazee tunaisifu kwa sababu tulikuwa vijana tulipoiona, na ukiondoa ujana wetu kinachobaki ni mwanamke anayeshona suti ya mteja asiyerudi kuichukua, kwa saa moja na dakika arobaini. Hapo nilicheka, sikatai. Halafu ukafika kwenye ile picha ya futi. Nanukuu, usije ukasema nimetia chumvi: "Mshonaji anajizungushia futi tumboni bila sababu yoyote, kamera inamtazama kwa sekunde kumi na nne, na kwa miaka arobaini tumelazimishwa kuiita falsafa."

Ni sekunde kumi na sita. Kama unataka kuichinja, ihesabu kwanza.

Mimi si mtu wa kugombana na magazeti. Ninachotaka kujua ni kwa nini sasa. Filamu imejilalia kwenye makopo yake huko kwenye hifadhi ya filamu mnayofanyia kazi, haijamkanyaga mtu. Umeiamsha ya nini?

Nijibu kwenye karatasi. Masikio yangu na simu havipatani siku hizi, nasikia kila neno kama mtu anakaanga kitu.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilifika ofisini, na mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naitwa mahakamani, kwa jinsi ulivyoandika anwani kwa herufi kubwa. Ningejua unasoma makala zangu na saa mkononi ningehesabu vizuri. Kumi na sita, nimekubali.

Umeuliza kwa nini sasa. Chumba chetu cha chini kina filamu kumi na tisa za zamani ambazo zimeanza kutoa harufu ya siki. Ndiyo dalili ya mkanda unaooza. Unajikunja, unanata, na mbaya zaidi unaiambukiza mikanda iliyo jirani. Mwaka huu tuna uwezo wa kusafisha na kunakili filamu sita. Kumi na tatu zitakazobaki zitateketezwa kabla hazijaharibu stoo nzima. Hakuna nakala zake mahali pengine. Tumetafuta.

Kuchagua ni kazi ya kamati ya watu watano: mwenyekiti, mwalimu wa chuo, mwanasheria, fundi sauti mmoja mstaafu, na mimi. Tumeshapiga kura ya kwanza. "Suti ya Mgeni" ilipata kura mbili, ikakataliwa kwa tatu, na moja ya hizo tatu ni yangu. Tutapiga ya mwisho tarehe 20 Aprili, na kwa kawaida ya mwisho huwa inafanana na ya kwanza. Makala ilikuwa ya kuwaandaa watu, wasije wakaanza kulia mlangoni siku makopo yanatolewa.

Usidhani nina kinyongo nayo. Nina nafasi sita tu, na kuna filamu zenye uhai zaidi. Ipo "Bohari Namba Nne", kwa mfano, ambayo ni ya juzijuzi lakini mkanda wake uliwekwa vibaya. Mlinzi wa bohari anafunga mlango kwa mara ya mwisho, halafu kamera inabaki na ule ufunguo mkononi mwake. Kila nikiiona napata baridi mgongoni. Nionyeshe mtu mmoja chini ya miaka thelathini anayepata baridi kwa "Suti ya Mgeni".

Kuna jambo litakuchekesha. Kanuni zetu zinakataza mjumbe kupigia kura kazi ya ndugu yake, na mwenyekiti alituuliza mmoja mmoja. Nikasema nina shangazi aliyefanya kazi studio, chumba cha kukatia, lakini alikata filamu za habari na matangazo ya sabuni, na sabuni haimo kwenye orodha. Wakacheka, tukaendelea. Bahati yako hukuigusa hii, ningetolewa nje.

Mwanao

*

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na poleni na siki. Ukirudi nyumbani anika nguo nje kabla ya kuzifua, itapungua.

Kumbe si maneno ya gazetini tu, mnataka kuichoma moto. Ungeanza na hilo.

Unataka mtu wa chini ya miaka thelathini. Mtafute aliyetengeneza "Bohari Namba Nne", maana nimesikia ni kijana. Hiyo baridi ya mgongoni unayoipata kwenye ule ufunguo imetoka kwenye "Suti ya Mgeni". Nitakueleza kama mtu wa kazi, sio kama shangazi.

Zamani tulikata pale kitendo kinapoisha. Mtu akifunga mlango, kata. Akimaliza barua, kata. Mwigizaji alikuwa na thamani wakati anafanya kitu, na akiacha kukifanya tulikuwa tunamtoa kwenye picha kama mgeni aliyemaliza chakula. Hakuna aliyetufundisha vinginevyo. Halafu ikaja filamu hii. Mshonaji amemaliza kazi, suti imetundikwa, hakuna kilichobaki, na picha haikatiki. Inamngoja. Yeye anachukua futi na kufanya lile jambo lake ambalo halimhusu mteja wala hadithi. Ukumbi wa kwanza ulioiona ulinyamaza, nakwambia, watu waliacha hata kukohoa. Baada ya mwaka mmoja kila mtu alikuwa anangoja. Waongozaji, watu wa matangazo, mpaka wapiga video wa harusi! Hebu tazama video ya harusi yoyote. Maharusi wakishamaliza kutabasamu kwa ajili ya kamera, mpigaji bado anaendelea kuchukua, anawasubiri wawe watu. Nani alimfundisha?

Imeibiwa mpaka haionekani tena. Sasa mnailaumu kwa kufanana na walioiiba.

Nikuombe kitu kimoja. Itazame tena, bila sauti, na uhesabu kwa kugonga kidole mezani. Usile chochote. Nakujua wewe, uliitazama unakula.

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nilikuwa nakula. Sijui umejuaje.

Nimekawia kwa sababu nilitaka nije na ushahidi kwamba umekosea, na nimeshindwa. Nilimpigia simu mwongozaji wa "Bohari Namba Nne". Nikamuuliza ile picha ya ufunguo aliipata wapi. Akasema kichwani mwake. Nikambana. Akasema basi, labda kuna tangazo la shuka alilokuwa akilipenda utotoni, mama anamaliza kukunja shuka halafu anaweka kiganja juu yake, na picha inakaa. "Suti ya Mgeni" hajawahi kuiona, anaijua kwa jina tu na alidhani ni ya kuchekesha. Nikamtafuta aliyetengeneza lile tangazo. Ni mama mmoja mstaafu, anafuga kuku. Nilipomuuliza hakusita hata kidogo: "Suti ya Mgeni. Niliiona mara tisa, mwenzangu. Mara tisa."

Nikaona aibu.

Halafu nikaomba makopo, nikaiweka kwenye mashine ya mezani ya kutazamia mikanda, bila sauti, bila mkate. Nikagonga kidole. Ilipofika kumi sikuwa nagonga tena. Siwezi kukueleza vizuri nilichokiona, na mimi kueleza ndiyo kazi yangu. Mikono imemaliza kazi na haijui kwamba inatazamwa. Sidhani kama nimeona kitu kama hicho kwenye zile sita nilizozichagua, ukitoa Bohari, ambayo sasa najua ni mjukuu wake.

Kwa hiyo kura yangu inageuka. Nitasimama tarehe 20 niseme nilikosea, na nitaandika hivyo gazetini pia.

Lakini kwenye mashine ya mezani unaona vitu ambavyo ukumbini huvioni. Kipande kile cha futi kimeungwa. Kipande cha saba kinaishia pale anapotundika suti, halafu kuna tepu ya kuungia, halafu ndiyo zinaanza zile sekunde kumi na sita. Kuna mtu aliziongeza. Na ile mikono si ya mwigizaji. Mwigizaji ana vidole laini na kucha ndefu kwenye picha zote zinazoonyesha uso wake. Huyu kucha zake fupi, na kidole chake cha kati kina sugu ile ya kuvaa subana, kile kikofia cha chuma cha washonaji, miaka mingi. Wewe ulikuwa jengo lilelile. Nani aliunga? Na mikono ni ya nani?

Mwanao

*

8 Aprili

Mwanangu,

Nimefurahi umeacha kula.

Mwongozaji, mpaka anaingia kaburini, alisema kila sekunde aliipanga mwenyewe, na majina yaliyoandikwa mwanzoni mwa filamu ni yaleyale unayoyasoma. Siku zile kila mwigizaji mkubwa alikuwa na mtu wa kumsaidia mikono, miguu, hata kuogelea. Usiichunguze filamu kama polisi. Mnapigia kura picha au mnapigia kura watu?

Goti langu linanisumbua, sitaandika ndefu. Kawashawishi wenzako. Yule fundi sauti mstaafu namfahamu kwa sifa, ni mkaidi lakini ana masikio. Usimwambie habari za falsafa, mwambie asikilize kelele za barabara zinavyoendelea chini ya ile picha wakati hakuna kinachotendeka.

Shangazi yako

*

21 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Imepita! Tatu kwa mbili.

Nilisimama nikasema nilichokosea. Mwanasheria akaniuliza kama nimepigwa kichwani. Nikawaonyesha mambo matatu mfululizo, yaani ile picha ya futi, tangazo la shuka, na ufunguo wa Bohari, bila kusema neno, nikawasha taa. Mwalimu wa chuo akabaki na msimamo wake wa zamani, kuiunga mkono, na mwenyekiti vilevile. Mwanasheria alikataa kama mara ya kwanza. Fundi sauti nilimpa zile kelele za barabara kama ulivyoniambia. Alifumba macho, akasikiliza, akasema ni nzuri, halafu akapiga kura ya hapana, kwa sababu alishamwahidi mtu kuhusu filamu nyingine. Lakini kuna kitu kilimwingia, nilimwona anarudisha rudisha ule mkanda wakati wa chai.

Kwa hiyo kura iliyoiokoa ni yangu. Naandika hili bila majivuno, au kwa majivuno kidogo tu. Kazi ya kusafisha inaanza mwezi wa sita na mimi ndiye nitakayeisimamia.

Hukujibu swali langu la mikono. Sijalisahau.

Mwanao

*

29 Aprili

Mwanangu,

Keti kwanza.

Mkia wa kipande cha saba niliunga mimi. Nilikuwa msaidizi kwenye chumba cha kukatia, na wasaidizi hatukuandikwa majina. Matangazo ya sabuni nilikata kweli, lakini hayakuwa peke yake. Kila kipande kilichotoka kwenye kamera kilikuwa na mkia, yaani ile sehemu ya mwisho baada ya mwongozaji kusema kata, kabla kamera haijazimwa. Mikia tulikuwa tunaitupa kwenye pipa. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikatundika kipande na mkia wake kwenye msumari mmoja, na wakati wa kuunga nikaunga vyote viwili. Sauti ilikuwa kwenye mkanda wake peke yake, kwa hiyo lile neno "kata" halikusikika, zikaendelea kelele za barabara. Tulipoitazama nikataka kuzama chini ya kiti. Mwongozaji alifungua mdomo kunitukana, akaufunga. Akasema, acha. Kesho yake tayari alikuwa ameipanga yeye. Mimi sikumsahihisha, na ningekuwa na akili gani ya kumsahihisha?

Hayo ndiyo mepesi.

Mwigizaji wetu mkubwa alikuwa hajui kushona. Akishika sindano ungedhani kashika nyoka. Kwa hiyo picha zote za karibu za mikono zilikuwa za fundi wa chumba cha mavazi, mshonaji hodari kuliko wote pale, na sisi wote tukatia sahihi kwamba hatutasema, maana mwigizaji alitaka hivyo. Fundi huyo alikuwa wifi yangu. Ni mama yako.

Ulikulia ukiambiwa mama alikuwa anashona mapazia nyumbani. Alishona mapazia baadaye. Kabla ya hapo alishonea studio miaka sita. Na wakati wa kipande cha saba alikuwa na mimba ya miezi mitano, tunaificha mimi na yeye chini ya aproni, kwa sababu studio ilikuwa haiwaweki wenye mimba kazini. Kila Ijumaa alikuwa anajipima tumbo kwa futi na kuandika namba kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Akasikia "kata", akadhani wameshamalizana naye, akachukua futi. Hicho ndicho mnachokiita falsafa. Alikuwa anakupima wewe.

Meneja wa studio alipoiona kwenye ukumbi wetu wa majaribio akauliza, mbona huyu ana mimba? Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu mama yako hakuwa na kazi. Mwongozaji alipigania ile picha ibaki, na ikabaki. Mtu mwenyewe hakumpigania.

Ningetupa ule mkia pipani kama nilivyofundishwa, angeendelea na kazi mpaka mimba ifike miezi minane angalau, na baadaye wangemrudisha. Hakuwahi kunilaumu. Aliniambia, "Wifi, angalau mtoto kapigwa picha," akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini filamu hakwenda kuitazama hata siku moja, na wewe ukiwa na miaka sita akatutoka, na baba yako na mimi tukakubaliana tusiisemeseme. Baadaye tukazoea kutosema. Niliona aibu, mwanangu. Watu wanaisifu ile picha mbele yangu miaka arobaini, na kila wakiisifu mimi namwona wifi yangu anatoka getini na mashine yake ya kushonea mkononi.

Sasa hili la mwisho, na ni baya. Kanuni yenu ya ndugu niliisoma kwenye barua yako ya tarehe 11. Nilijua nikikwambia utatolewa nje ya chumba. Nikanyamaza makusudi mpaka mpige kura. Na kabla ya hapo pia nilinyamaza, kwa sababu sikutaka uiokoe kwa machozi. Nilitaka uione kwanza kama mtu baki, uipende au uichukie kwa haki yake. Ukaipenda. Basi nikaona nimeshinda, na sasa nikitazama ushindi wenyewe naona umesimama juu ya uongo wangu.

Fanya unavyoona.

Shangazi yako

*

9 Mei

Shangazi,

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku ileile barua ilipofika. Nikamwachia aisome yote. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema kwamba kwa kuwa sikujua, kura yangu ingeweza kuhesabika, hakuna ambaye angeuliza. Nikamwambia mimi nimeshajua. Kura ikafutwa. Ikawa mbili kwa mbili, na filamu ikarudi kwenye orodha ya kuteketezwa mpaka wanne waliobaki wakutane tena.

Walikutana jana. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, karibu na mlango wa stoo, siki inanipanda puani, kwa dakika hamsini. Nakuandikia hizo dakika ili ujue zilikuwepo. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni na kusema moyoni kwamba kama itachomwa, itachomwa kwa ajili ya ukimya wako na ukweli wangu, na sitajua nimlaumu nani kati yetu.

Mwanasheria akabaki na hapana yake. Fundi sauti aligeuka. Alisema hajalala vizuri tangu zile kelele za barabara, na yule aliyemwahidi atamwelewa. Tatu kwa moja. Haikuhitaji kura yangu hata kidogo. Wewe uliiamini filamu kwa barua tatu, halafu ukaacha kuiamini siku ya mwisho, pale ilipokuwa na haja ya kuaminiwa.

Nimeondolewa kwenye kamati. Mwenyekiti anasema si adhabu. Siruhusiwi pia kuingia chumba cha kusafishia mpaka kazi iishe, kwa kuwa ni kazi ya ndugu zangu, wewe na yeye. Wanaume wawili nisiowafahamu ndio watakaomsafisha mama yangu vumbi.

Nina picha tatu za mama. Moja uso umefichwa na mwavuli. Nimefanya kazi miaka kumi na moja ghorofa moja juu ya lile kopo, nikampita kila asubuhi na mfuko wangu, na wewe unajua, na kila mwaka unanitumia salamu za mwaka mpya. Niliandika gazetini kwamba anajizungushia futi bila sababu yoyote. Ulisoma hilo, na ulichonijibu ni kwamba nimekosea sekunde mbili.

Nimekasirika. Nitaandika nitakapoweza.

Mwanao

*

16 Mei

Mwanangu,

Umefanya nilichoshindwa kufanya, na umekifanya ndani ya siku moja. Mimi kilinichukua miaka arobaini na bado nilikifanya vibaya.

Sina la kujitetea. Ile ya sekunde mbili umenipata. Niliposoma makala yako nilitafuta kitu cha kusema kisichokuwa chenyewe, nikapata hesabu. Ndivyo nilivyo. Nikiumia nahesabu.

Niliogopa ungenichukia kwa ajili ya kazi ya mama yako. Sikuogopa hili la kunichukia kwa kukunyima yeye, na sasa naona hilo ndilo lililokuwa kubwa. Nakupenda sana, mwanangu. Sikumbuki kama nimewahi kukuandikia hivyo.

Usijibu kama hujisikii.

Shangazi yako

*

14 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Wameionyesha juzi, mchana, kwenye ukumbi mdogo. Najua daktari amekukataza ngazi na safari, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoona.

Niliingia na watu wengine, nikapanga foleni. Sikuwa nimeona hata picha moja tangu Aprili, waliishika kanuni barabara. Nilikaa safu ya tatu pembeni. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, vijana hasa, nadhani wamesukumwa na makala yangu ya pili, ile ya kukiri kosa. Kijana wa "Bohari Namba Nne" alikuwepo, kakaa mbele kabisa, shingo nje. Majina ya mwanzo hayajabadilika, lakini wameongeza ukurasa mmoja wa majina mwishoni, na hapo mpo wote wawili, wewe kwa kazi yako na yeye kwa mikono yake. Sikuomba mimi. Fundi sauti aliomba.

Nusu ya kwanza ni ndefu, Shangazi. Hilo sitalifuta. Kuna mahali anakata kitambaa nikadhani tutazeeka.

Bado nina hasira, ila siku hizi zinakuja na kuondoka. Nimeanza kujipima mwenyewe kwa futi, sijui kwa nini, nasimama mbele ya kioo kama mjinga. Nitakuja kwako mwezi ujao nikae wiki nzima, na utanieleza kila kitu, alivyocheka, alivyotembea, alikuwa anaimba nini wakati wa kushona. Kila kitu, hata usichokipenda. Andaa maneno, sitakubali hesabu.

Kipande cha saba kilipofika nilishika kiti. Wamekisafisha vizuri, uzi wa aproni unaonekana mmoja mmoja. Akatundika suti. Akachukua futi. Ukumbi ukanyamaza kama ulivyosema, isipokuwa dada mmoja aliyekaa kando yangu, binti wa miaka ishirini hivi, ambaye alininong'oneza bila kuondoa macho kwenye picha, "Samahani, mama, hivi huyu anapima nini?"

Nikamwambia, "Ananipima mimi."

Akahama kiti.

Mwanao